Kurasa Mbili kwa Wiki: Jinsi Mtunzi wa Katuni wa Kujitegemea Anavyofanya Kazi

Msomaji wa hadithi ya katuni humaliza ukurasa mmoja kwa muda mfupi sana, pengine dakika moja au pungufu. Mtunzi aliyeuandaa ukurasa huo peke yake, kuanzia wazo la kwanza hadi mstari wa mwisho wa wino, anaweza kuwa ametumia saa nane. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya hadithi za katuni huanza kwa kishindo, zikapendwa, kisha zikakatika katika toleo la pili au la tatu, ilhali mtunzi hajapungukiwa kipaji wala wasomaji hawajamkimbia. Kinachokosekana mara nyingi ni utaratibu wa kuandika unaoweza kuhimili wiki baada ya wiki.

Makala haya yanaeleza wiki ya kazi ya mtunzi wa katuni wa kujitegemea: namna anavyoandika kabla ya kuchora, anavyogawa muda wake, anavyopima maendeleo yake, na kwa nini anapaswa kuilinda haki yake juu ya wahusika aliowabuni.

Fani yenye historia

Katuni si fani ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wasomaji wa gazeti la Uhuru walimfahamu Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na mchoraji Christian Gregory. Mwishoni mwa miaka ya 1970 likaanzishwa jarida la Sani, ambalo jina lake linatokana na silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Wahusika wa jarida hilo, wakiwamo Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa, walijulikana kwa wasomaji wengi. Nchini Kenya, Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau alidumu kwa miongo kadhaa katika gazeti la Taifa Leo.

Mchoraji anayefanya kazi ndani ya gazeti au jarida huwa na mhariri anayesubiri kazi kwa siku na saa maalumu. Kiwanda cha uchapaji kipo, magari ya usambazaji yapo, na malipo hupangwa na ofisi. Mtunzi wa kujitegemea hana hayo yote. Yeye ni mwandishi, mchoraji, mhariri, msimamizi wa uchapaji na muuzaji kwa wakati mmoja. Mjini Kinshasa, katika miaka ya 1990, mchoraji anayejulikana kwa jina la kisanii la Papa Mfumu'Eto aliandika, akachora na kuchapisha majarida yake mwenyewe kwa Kilingala, yakauzwa kwa wakazi wa jiji hilo kwa bei waliyoweza kuimudu. Mfano huo unaonesha kuwa jambo hili linawezekana hata pale ambapo vifaa ni vichache na lugha inayotumika ni ya watu wa mitaani.

Uhuru huo una gharama yake. Asiyekuwa na mhariri wa kumhimiza analazimika kujiwekea yeye mwenyewe siku ya kukamilisha kazi, na kuiheshimu kana kwamba imewekwa na mtu mwingine.

Uandishi hutangulia mchoro

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya katuni huanza kwa penseli na karatasi ya kuchorea. Kwa mtunzi anayetaka hadithi yake ifike mwisho, kazi huanza kwa daftari la kuandikia. Sababu yake ni ya kihesabu. Kubadilisha tukio likiwa bado sentensi katika daftari huchukua dakika chache. Kulibadilisha likiwa limekwisha kuchorwa na kutiwa wino ni kupoteza kazi ya siku kadhaa.

Mswada wa katuni hutofautiana na mswada wa riwaya. Mwandishi wa riwaya anaweza kueleza kwa aya nzima jinsi mvua ilivyonyesha na jinsi mhusika alivyojisikia. Mwandishi wa katuni huigawa hadithi katika kurasa, na kila ukurasa katika visanduku, kisha huamua mambo matatu kwa kila kisanduku: nani anaonekana, anafanya nini, na anasema nini. Kinachoweza kuonekana katika picha hakirudiwi kwa maneno. Ikiwa mchoro unamwonesha mama akifunga mlango kwa hasira, hakuna haja ya kuandika juu yake kwamba mama alikuwa na hasira.

Hatua hiyo ya kugawa ndiyo ngumu kuliko zote. Kisanduku hubeba tendo moja. Mtunzi anayeanza huandika kwamba kijana aliamka, akavaa, akatoka nje, akakuta baiskeli yake imeibwa, kisha akatarajia yote hayo yaingie katika kisanduku kimoja. Anapoketi kuchora ndipo anapogundua kuwa ameandika visanduku vinne. Ukurasa aliokusudia unakuwa kurasa mbili, toleo la kurasa 24 linaelekea kuwa 40, na ratiba yote inavurugika kabla ya wino kuguswa.

Kwa sababu hiyo, baada ya mswada, mtunzi huchora kwanza michoro midogo ya rasimu yenye ukubwa wa kiganja. Michoro hiyo haihitaji uzuri. Kazi yake ni kuonesha mahali pa kila kisanduku, mwelekeo wa macho ya msomaji na nafasi ya maneno. Ukurasa unaoshindwa kueleweka katika rasimu hiyo hautaeleweka hata ukichorwa kwa ustadi mkubwa.

Mpangilio wa wiki

Watunzi wengi wa kujitegemea wana kazi nyingine inayowapatia mkate wa kila siku: kufundisha, kuandika mabango, kusanifu kadi za harusi, kulima au kufanya biashara ndogo. Hivyo wiki ya katuni hupangwa katika saa zinazobaki. Mfano ufuatao ni wa mtunzi anayeweza kutenga saa mbili kila jioni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na saa sita siku ya Jumamosi. Jumla yake ni saa 16.

Jumatatu ni siku ya kuandika. Saa mbili hutumika kuandika mswada wa kurasa mbili pekee. Mtunzi anayejua mwelekeo wa hadithi yake nzima haanzi jioni hiyo kwa kujiuliza nini kitatokea. Anajiuliza tu namna ya kukieleza.

Jumanne hutumika kwa michoro midogo ya rasimu na kusoma mazungumzo kwa sauti. Sentensi ambayo msomaji wa kawaida asingeweza kuitamka mezani au kituo cha daladala huandikwa upya.

Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, saa sita kwa jumla, hutengwa kwa mchoro wa penseli. Wachoraji wazoefu huweka mahali pa maneno kwanza, kisha ndipo wakachora watu na mandhari, kwa kuwa maneno yaliyobanwa mwishoni huishia kufunika uso wa mhusika au kuandikwa kwa herufi zisizosomeka.

Jumamosi ni siku ya wino na maandishi. Mwisho wa siku kurasa mbili zimekamilika, zimepigwa picha au kuskaniwa, na nakala yake imehifadhiwa mahali pengine mbali na kompyuta au kishikwambi kilichotumika. Jumapili ni mapumziko, na mapumziko hayo ni sehemu ya ratiba. Mkono unaochora bila kupumzika huumia, na mchoraji aliyeumia kifundo cha mkono hupoteza miezi badala ya siku moja.

Katika mpangilio huo, saa nne kati ya 16, yaani robo ya muda wote, hutumika kabla ya mchoro halisi kuanza. Mtunzi anayeziruka saa hizo nne kwa haraka ya kufika kwenye mchoro huzilipa baadaye kwa kufuta, kurudia na hatimaye kukata tamaa.

Kiswahili ndani ya kiputo

Kiputo, yaani lile umbo lenye mkia linalobeba maneno ya mhusika, kina nafasi ndogo, na Kiswahili kina tabia yake ambayo mtunzi hana budi kuizingatia. Neno moja la Kiswahili linaweza kubeba sentensi nzima, lakini neno hilo huwa refu na halikatiki kwa urahisi.

Chukua neno "watakaponisaidia". Lina herufi 16. Likiandikwa kwa mkono kwa herufi kubwa zenye upana wa milimita 4 kila moja, linahitaji takriban sentimita 6.4. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiondoa pambizo za sentimita 1.5 kila upande, zinabaki sentimita 18. Safu yenye visanduku vitatu inampa kila kimoja sentimita 6 tu, na neno hilo haliingii. Mtunzi ana njia tatu: kupunguza visanduku katika safu hiyo, kulikata neno kwa kistari, au kuandika upya. "Wakinisaidia" lina herufi 12, sawa na sentimita 4.8, na katika mazungumzo mengi linatosha. Uamuzi wa namna hii ukifanywa Jumanne hugharimu dakika moja. Ukifanywa Jumamosi hugharimu kisanduku kizima.

Lugha hiyo hiyo ina hazina inayomsaidia mtunzi. Tanakali za sauti zilizomo katika Kiswahili zinatosha kuujaza ukurasa bila kuazima milio ya katuni za kigeni. Kitu kikianguka mchangani hulia tifu, kikitumbukia majini hulia chubwi, kikidondoka topeni hulia tapwi. Msomaji wa Kiswahili akiona neno "tapwi" juu ya mhusika aliyeteleza, hahitaji kuoneshwa tope kwa undani. Sikio lake limeshaliona. Mtunzi anayezifahamu tanakali hizo huokoa muda wa kuchora na kuipa hadithi ladha ya nyumbani kwa mara moja.

Vivyo hivyo kwa methali, misimu na namna za kuamkiana. Mjukuu anayemwamkia babu yake "shikamoo" na kijana anayemsalimia mwenzake "mambo" wamekwisha kumweleza msomaji umri wao, uhusiano wao na mahali walipo, kabla ya kisanduku cha pili kufika.

Kupima maendeleo

Mtu anayefanya kazi peke yake huweza kujidanganya kuhusu hatua aliyofikia. Kurasa kumi zilizochorwa kwa penseli zinaweza kuonekana kama kazi kubwa, lakini hakuna hata moja inayoweza kusomwa na mtu mwingine. Njia rahisi ya kuepuka hali hiyo ni daftari lenye safu tano: ukurasa ulioandikwa, uliowekwa rasimu, uliochorwa kwa penseli, uliotiwa wino, na uliowekwa maneno. Ukurasa huhesabiwa kuwa umekamilika unapopata alama katika safu zote tano.

Daftari hilo pia huonesha ugonjwa wa kazi uko wapi. Mtunzi mwenye kurasa nyingi zilizoandikwa lakini chache zilizochorwa anahitaji muda wa meza ya kuchorea. Mwenye penseli nyingi zisizotiwa wino pengine anaogopa kukosea. Yule ambaye safu ya kwanza ndiyo tupu ana tatizo kubwa kuliko wote, kwa sababu atachora hadi atakapofika mwisho wa alichokiandika, na hapo atasimama.

Kasi ya kurasa mbili kwa wiki inaweza kuonekana ndogo. Historia ya fani hii inaonesha vingine. Mmarekani Jeff Smith alianza kuchapisha hadithi yake iitwayo Bone mwaka 1991 kupitia kampuni yake ndogo, Cartoon Books, katika jimbo la Ohio. Aliiandika na kuichora mwenyewe, huku mkewe, Vijaya Iyer, akisimamia biashara. Hadithi hiyo ilikamilika mwaka 2004 ikiwa na matoleo 55 na kurasa zaidi ya 1,300. Ukizigawa kurasa hizo kwa wiki za miaka 13, unapata takriban kurasa mbili kwa wiki. Kazi iliyosifiwa katika nchi nyingi ilijengwa kwa kipimo ambacho mtu mmoja anaweza kukihesabu kwa vidole.

Wapo waliokwenda polepole zaidi. Art Spiegelman alitumia takriban miaka 13 kukamilisha Maus, kazi ya kurasa zipatazo 300 inayosimulia jinsi baba yake alivyonusurika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na utawala wa Kinazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilitoka kwa awamu, kuanzia mwaka 1980, katika jarida la Raw ambalo yeye na mkewe, Françoise Mouly, walilichapisha wenyewe. Kasi yake ilikuwa wastani wa chini ya nusu ukurasa kwa wiki. Mwaka 1992 kazi hiyo ilipewa Tuzo Maalumu ya Pulitzer. Linalowaunganisha watunzi hawa wawili ni kwamba kila mmoja alikuwa na kasi aliyoweza kuishi nayo, na hakuiacha.

Akiba ya kurasa na hesabu ya toleo

Kijitabu kinachokunjwa katikati na kubanwa kwa pini kina kanuni yake. Kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne, hivyo idadi ya kurasa za toleo sharti igawanyike kwa nne. Toleo la kurasa 24 huhitaji karatasi sita, mbali na jalada. Mtunzi aliyeandika kurasa 25 ama atapunguza mmoja, ama atajaza nyingine tatu, na ni nafuu kulijua hilo akiwa bado katika daftari.

Kwa kurasa mbili kila wiki, toleo la kurasa 24 hukamilika kwa wiki 12. Matoleo manne huchukua wiki 48, na mwaka una wiki 52. Wiki nne zinazobaki si nyingi. Ndani yake kuna kupeleka kazi kiwandani, kusahihisha nakala ya majaribio, kuuza, na kuugua malaria. Kwa hiyo mtunzi mwenye busara huwatangazia wasomaji wake matoleo matatu kwa mwaka hata kama hesabu inamruhusu kufikisha manne. Msomaji aliyeahidiwa matatu akapata matatu hurudi. Aliyeahidiwa manne akapata matatu hujiona amedanganywa.

Hapa ndipo akiba ya kurasa inapokuwa na maana. Kabla ya kutoa toleo la kwanza, inafaa mtunzi awe ametangulia kwa kurasa kadhaa za toleo la pili. Akiba ya kurasa sita humpa wiki tatu za kuuguza mtoto, kuhudhuria msiba kijijini au kumaliza kazi ya dharura ya ofisini bila hadithi kukatika. Akiba hiyo ikitumika, hujengwa upya kwa ukurasa mmoja wa ziada pale wiki inapokuwa nyepesi, bila kujaribu kufidia yote kwa usiku mmoja.

Ukubwa wa kuchapa nao huathiri uandishi. Ukurasa uliochorwa kwenye A4 ukichapwa kwa ukubwa wa A5 hupungua hadi asilimia 71 ya vipimo vyake vya urefu na upana. Herufi ya milimita 4 inakuwa chini kidogo ya milimita 3. Mtunzi aliyejaza maneno mengi kwa herufi ndogo akidhani yanasomeka mezani kwake, atakuta wasomaji wake wameyaruka.

Mhusika ni mali ya nani?

Mtunzi anayefanikiwa kudumu hufika siku ambayo mtu mwingine anamtaka mhusika wake: gazeti linataka kumchapisha, kampuni inataka kumtumia katika tangazo, au mtayarishaji wa filamu anataka kununua hadithi. Siku hiyo hupaswa kumkuta mtunzi akiwa tayari.

Mwaka 1938, vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimuuza Superman kwa mchapishaji kwa dola 130. Haki zote za mhusika huyo zilikwenda na fedha hizo. Kwa miongo iliyofuata mhusika aliingiza mapato makubwa, ilhali wabunifu wake walihangaika mahakamani na baadaye kuishi kwa shida. Ni mwaka 1975 tu walipokubaliwa malipo ya kila mwaka na majina yao kurejeshwa katika kazi hiyo. Charles Schulz naye, aliyechora vipande 17,897 vya Peanuts kati ya mwaka 1950 na 2000, hakulichagua jina hilo la kazi yake. Lilichaguliwa na kampuni iliyoisambaza, na yeye hakulipenda hadi mwisho wa maisha yake.

Nchini Tanzania, kazi ya katuni hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Tanzania pia ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, ambao chini yake haki ya mtunzi huanza pale kazi inapobuniwa, bila kusubiri utaratibu wowote wa usajili. Mkataba huo unaweka kima cha chini cha ulinzi kuwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Vilevile unatambua haki ya mtunzi ya kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi na ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima.

Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), ingawa si sharti la kupata haki, humpa mtunzi ushahidi pale mgogoro unapotokea. Hata kabla ya usajili, daftari la wiki lililotajwa hapo juu lina thamani yake: miswada yenye tarehe, michoro midogo ya rasimu na kurasa za penseli huonesha hatua kwa hatua jinsi mhusika alivyozaliwa. Ikumbukwe kuwa hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa na kuchorwa. Wazo tupu lililosimuliwa kijiweni halina ulinzi huo.

Kabla ya kusaini mkataba, mtunzi anapaswa kupata majibu ya maswali yafuatayo kwa maandishi. Je, anauza ruhusa ya kuchapisha mara moja au haki zote? Ruhusa hiyo ni ya muda gani, kwa lugha zipi na katika nchi zipi? Je, inahusu kurasa zilizokwisha kuchorwa pekee, au inahusu mhusika na hadithi zake zijazo? Filamu, fulana na matangazo vimetajwa? Jina lake litaonekana wapi? Mkataba usiojibu maswali hayo unaweza kumnyang'anya mtu kazi ya miaka mingi kwa malipo ya mwezi mmoja, na ni vyema kupata ushauri wa mwanasheria kabla ya kuweka saini.

Kazi inayohesabika

Vifaa vya kuanzia si vingi: daftari, penseli, kifutio, rula, kalamu ya wino mweusi na karatasi za A4 zinapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya shule. Kishikwambi na programu za kuchorea hurahisisha baadhi ya hatua, hasa kusahihisha na kuweka maneno, lakini haviondoi hata moja. Mswada bado huandikwa, rasimu bado huwekwa, na kiputo bado kina upana wake.

Kijana anayetaka kuijaribu kazi hii haitaji kuanza na hadithi ya kurasa 1,300. Hadithi kamili ya kurasa nane, yenye mwanzo, kati na mwisho, hukamilika kwa wiki nne kwa kasi iliyoelezwa hapa, na inatosha kuchapwa katika karatasi mbili zilizokunjwa. Ikisomwa na majirani, wanafunzi au wateja wa saluni, itamfundisha mtunzi wake mambo ambayo ukurasa mmoja mzuri usio na mwenzake hauwezi kumfundisha: mahali msomaji alipocheka, alipochoka, na alipouliza kilichofuata.

Swali hilo la mwisho ndilo linalomrudisha mtunzi mezani Jumatatu inayofuata, akiwa na saa mbili, daftari na kurasa mbili za kuandika.